Moshi, maji na gesi: ginsi gani wanapima madhara ya santrali za umeme kandokando ya ziwa Kivu

Mvuvi wa sambaza anayetoka Idjwi usiku anaona taa pande zote mbili za ziwa. Sehemu ya umeme unaowasha taa za ngambo ya Rwanda inatoka chini ya mtumbwi wake. Ni gesi ya metani inayovutwa kutoka kilindi cha ziwa Kivu, inachomwa ndani ya injini kubwa, na injini hizo zinazungusha mashine za umeme. Hiyo ni santrali ya moto.

Upande wa Kongo gesi ileile bado inangojewa. Mwezi wa saba mwaka 2022, serikali ya Kinshasa ilifungua mnada wa maeneo ya mafuta na gesi. Matatu kati yake yako ndani ya ziwa Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Wakaaji wa Goma, Bukavu, Kalehe na Idjwi wanataka umeme, hilo halina ubishi. Lakini wengi wanauliza pia: moshi utaenda wapi? Sambaza watabaki? Na ziwa hili, ambalo watu wanasema iko siku litalipuka, litaguswa ginsi gani?

Maswali hayo hayajibiwi kwa ahadi. Yanajibiwa kwa vipimo. Habari hii inaeleza kitu gani kinapimwa, kinapimwa wapi, nani anapima, na mwanainchi anaweza kuuliza nini ili asidanganywe na namba.

Santrali ya moto ni nini?

Mashariki ya Kongo tumezoea umeme wa maji. Bukavu inapata umeme wa Ruzizi, ambako santrali ya kwanza ilianza kazi mwaka 1959 na ya pili mwaka 1989. Goma inapata umeme wa mito ya Virunga, kama ule wa Matebe kule Rutshuru. Kwa santrali hizo hakuna kitu kinachochomwa, maji yanasukuma mashine tu.

Santrali ya moto ni tofauti. Inachoma kitu: makaa ya mawe, mazutu, gesi au nyasi-mboji, ule udongo mweusi wa mabondeni unaowaka ukikauka. Jenereta ya mazutu iliyo nyuma ya duka ni santrali ya moto ndogo. Tofauti na ile kubwa ni ukubwa tu, madhara ni ya namna moja.

Karibu na sisi, santrali kubwa za namna hii ziko Rwanda. KivuWatt, kule Karongi (Kibuye), inatoa megawati 26. Inavuta gesi kwa jukwaa linaloelea karibu kilomita 13 kutoka pwani, na ilizinduliwa rasmi mwaka 2016. Shema Power, wilaya ya Rubavu, jirani kabisa na Goma, imejengwa kwa megawati 56 za gesi hiyohiyo. Gishoma, wilaya ya Rusizi, ngambo ya Bukavu, imejengwa kwa megawati 15 za nyasi-mboji.

Mpaka unagawanya inchi. Haugawanyi hewa wala maji. Juu ya hiyo, vipimo vya santrali ya ngambo ni jambo la wakaaji wa huku pia.

Kipimo cha kwanza kinafanywa kabla ya kujenga

Watu wengi wanafikiri kupima kunaanza siku santrali inapowashwa. Wakati huo mtu amekwisha kuchelewa. Kipimo chenye maana kuliko vyote ni kile cha hali ya mwanzo: hewa ilikuwa namna gani, maji yalikuwa namna gani, samaki walikuwa wangapi, kelele ilikuwa kiasi gani, wakati mahali pale palikuwa bado shamba au pwani tupu.

Bila namba hizo, kila upande utasema unachotaka. Kampuni itasema: "Uchafu huu ulikuwako." Wakaaji watasema: "Mmeuleta ninyi." Na hakuna mtu wa kuwaamua.

Kwa Goma jambo hili ni gumu zaidi juu ya volkano. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi ya salfa kwa wingi, gesi ileile inayotoka pia kwa bomba la santrali inayochoma mazutu machafu au makaa ya mawe. Chombo kikikamata salfa hewani, hakisemi imetoka wapi. Ongeza vumbi la barabara za mawe ya lava, moshi wa makala jikoni, na moshi wa pikipiki. Ndiyo maana hali ya mwanzo inapaswa kupimwa mwaka mzima, wakati wa jua na wakati wa mvua, kwa kuandika kila mara upepo ulitoka upande gani. Mtu akipima siku tatu na kuondoka, hajapima kitu.

Ndani ya bomba la moshi

Santrali ikiwaka, mahali pa kwanza pa kupima ni ndani ya bomba lenyewe, mbele ya moshi kuchanganyika na hewa. Bomba linatobolewa tundu, chombo kinaingizwa, na kinasoma vitu vinne hasa:

- Oksidi za nitrojeni. Zinatokea kila mahali moto ni mkali sana, hata gesi safi ikichomwa. Zinawasha mapafu.
- Gesi ya salfa. Inategemea kinachochomwa. Mazutu na makaa vinaweza kuitoa sana. Gesi iliyosafishwa inatoa kidogo.
- Monoksidi ya kaboni. Ni ile inayoua watu wanaolala na makala ndani ya chumba kilichofungwa. Ikiwa nyingi ndani ya bomba, ni alama kwamba injini inachoma vibaya.
- Vumbi laini la moshi, yaani chembe ndogo ambazo macho hayazioni.

Kuko gesi ya tano, dioksidi ya kaboni, ile inayoongeza joto la dunia. Hiyo mara nyingi hawaipimi kwa bomba. Wanaihesabu kwa kuangalia kiasi cha kitu kilichochomwa, na hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya nyumbani. Litre moja ya mazutu ikichomwa inatoa karibu kilo 2.7 za dioksidi ya kaboni. Mtu anashangaa: litre moja haifiki hata kilo moja, inatoa ginsi gani karibu kilo tatu? Ni kwa sababu kaboni ya mazutu inaungana na oksijeni ya hewa, na oksijeni nayo iko na uzito.

Kwa hiyo jenereta ya duka inayokunywa litre 5 kila usiku inatoa kilo 13.5 kwa usiku mmoja. Kwa mwaka ni karibu tani 4.9. Hesabu jenereta za avenue moja tu, utaona kwamba hata mji usio na santrali kubwa ya moto iko na moshi wa santrali, ila umetawanyika nyuma ya nyumba na hakuna anayeupima.

Gesi inayotoroka

Kwa santrali ya metani kuko kitu kingine ambacho bomba peke yake haliwezi kuonyesha. Kilo moja ya metani ikichomwa vizuri inatoa kilo 2.75 za dioksidi ya kaboni. Lakini kilo moja ya metani ikitoroka bila kuchomwa, inaongeza joto la dunia karibu mara 28 kuliko kilo moja ya dioksidi ya kaboni, ukihesabu kwa miaka 100.

Tuweke mfano. Tuseme santrali imevuta kilo 100 za metani, 97 zikachomwa na 3 zikatoroka kwenye mabomba, kwenye jukwaa au ndani ya injini. Zile 97 zinaleta karibu kilo 267 za dioksidi ya kaboni. Zile 3 zinaleta madhara sawa na kilo 84. Yaani gesi kidogo iliyotoroka imeongeza madhara karibu kwa theluthi moja.

Juu ya hiyo, ripoti inayosema "tunachoma gesi safi" bila kutaja kiasi kinachotoroka ni nusu ya ripoti.

Hewa ambayo watu wanavuta

Mtoto havuti hewa ya ndani ya bomba. Anavuta hewa ya uwanja wa masomo. Kwa hiyo kipimo cha pili kinawekwa pale watu wanapoishi. Kwa kawaida vyombo vinawekwa kwa upande ambako upepo unatoka na kwa upande ambako upepo unaenda. Tofauti kati ya pande hizo mbili ndiyo inaonyesha mchango wa santrali.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwaka 2021 viwango vipya vya kulinganisha. Kwa vumbi laini kabisa, lile la chini ya maikroni 2.5, wastani wa mwaka usipite maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa siku usipite 15. Kwa dioksidi ya nitrojeni, wastani wa mwaka usipite 10 na wa siku usipite 25. Ni viwango vikali, na miji mingi ya dunia inavivuka. Lakini vinasaidia kujua mtu amesimama wapi.

Hapa msomaji aangalie neno "wastani". Santrali inaweza kuwa sawa kwa wastani wa mwaka, na bado kuwe usiku fulani ambapo upepo umelala, moshi umeshuka, na watoto wa kartie ya chini wanakohoa mpaka asubuhi. Ukiletewa wastani wa mwaka peke yake, uliza pia siku mbaya kuliko zote ilikuwa namba gani.

Kelele nayo inapimwa, kwa sababu injini hazilali. Miongozo ya Benki ya Dunia inataka kelele mahali pa makao isipite desibeli 55 mchana na 45 usiku. Chombo kinawekwa kwa nyumba ya jirani wa kwanza. Kukiweka mlangoni pa ofisi ya kampuni hakusaidii mtu.

Maji: joto, mafuta na kile kisichoonekana

Santrali nyingi za moto zinatumia maji kupoza mashine, kisha wanayarudisha mtoni au ziwani yakiwa na joto. Samaki hawapendi joto la ghafula, na maji ya joto yanashika oksijeni kidogo. Miongozo ileile ya Benki ya Dunia inasema maji yanayomwagwa yasiongeze joto la mto au ziwa zaidi ya digri 3, ukipima pale yanapomaliza kuchanganyika.

Zaidi ya joto wanapima mafuta, asidi, chumvi na metali. Kwa santrali ya mazutu, uchafu mkubwa mara nyingi hautoki kwa bomba. Unatoka kwa mapipa: mafuta yanamwagika kidogokidogo, mvua inayapeleka kwenye kisima. Hapo hakuhitajiki chombo cha bei kali. Kuchukua maji ya kisima mara kwa mara, ndani ya chupa safi, na kuyapeleka kwenye maabara kunatosha.

Ziwa Kivu: kipimo ambacho hakiko pengine

Mpaka hapa, yote yaliyosemwa yanafaa kwa santrali yoyote ya dunia. Lakini santrali ya ziwa Kivu inaleta swali ambalo haliko pengine, kwa sababu ghala la gesi yake ni ziwa ambalo watu zaidi ya milioni mbili wanaishi kandokando yake.

Kilindi cha ziwa kinafika mita 485. Ndani yake kuko dioksidi ya kaboni ambayo, ikitolewa juu, ingejaza karibu kilomita 300 za ujazo, na metani karibu 60. Gesi hizo hazipandi kwa sababu mbili. Uzito wa maji ya juu unazikandamiza, sawa vile kifuniko kinavyoshika gesi ndani ya chupa ya bia. Na maji ya chini ni mazito kuliko ya juu, yamejaa chumvi na dioksidi ya kaboni, kwa hiyo hayachanganyiki kwa urahisi. Ziwa limepangwa kwa tabaka. Tabaka moja, karibu mita 260 chini, ndilo mlango mkubwa unaofunga sehemu kubwa ya gesi.

Watu wa Goma wanajua kitu dioksidi ya kaboni inaweza kufanya. Ndiyo ile mazuku inayotoka ardhini, inajaa mabondeni, inaua mbuzi na mara zingine watu, bila harufu na bila sauti, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Kule Kameruni, ziwa Monoun lilitoa gesi hiyo mwaka 1984 na kuua watu 37. Tarehe 21 mwezi wa nane mwaka 1986 ziwa Nyos likaua watu karibu 1,700 kwa usiku mmoja. Maziwa hayo ni madogo sana mbele ya Kivu.

Ziwa Kivu halijafika hapo. Hata pale gesi imekazana zaidi, nguvu yake ni kidogo tu juu ya nusu ya ile inayohitajika ili ianze kutoka yenyewe. Kutoa gesi polepole kunaweza kupunguza hatari hiyo kwa wakati mrefu. Lakini kazi ikifanywa vibaya, inaweza kuharibu tabaka. Ndiyo maana kupima hapa si jambo la karatasi.

Santrali inavyofanya ni hivi. Bomba linashushwa mpaka maji mazito ya chini. Kwa KivuWatt ni karibu mita 350. Maji yakipanda, gesi inaanza kutoka na kuyasukuma juu yenyewe, kama chupa iliyotikiswa. Gesi inatenganishwa, inaoshwa ili kuondoa dioksidi ya kaboni, metani inaenda kwa injini. Halafu linabaki swali kubwa: yale maji yaliyotolewa gesi yarudishwe wapi?

Yakimwagwa karibu na juu, yataleta fosforasi, amonia na gesi ya salfa ya maji mpaka kwenye mita 60 za juu, pale oksijeni iko na sambaza wanaishi. Mimea midogo ya maji itaongezeka, oksijeni itapungua, na mvuvi atajua kabla ya mtaalamu. Hilo limekatazwa tangu masharti ya usimamizi wa gesi ya ziwa yaliyoandikwa na wataalamu mwaka 2009, ambayo yanaweka usalama wa watu mbele ya faida. Yakirudishwa chini kabisa, yanachanganyika na maji yenye gesi na kuyapunguza nguvu. Yakirudishwa katikati, karibu mita 240 kama KivuWatt, yanaingia juu kidogo ya ule mlango wa mita 260. Hapo wataalamu wamebishana: wengine wanasema baada ya miaka mingi mlango unaweza kudhoofika, wengine wanasema mabadiliko ni ya polepole na yanaweza kufuatiliwa.

Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: lazima kufuatilia. Wanashusha kwa kamba chombo kinachosoma joto, chumvi na kilindi, mita kwa mita, kutoka juu mpaka chini. Wanapima nguvu ya gesi iliyoyeyuka. Wanapima pia uangavu wa maji kwa sahani nyeupe inayoshushwa mpaka isionekane tena, na wanahesabu samaki. Ule mlango wa mita 260 ukisogea au ukipungua nguvu, chombo kitaonyesha miaka mingi mbele ya hatari, na kazi inaweza kusimamishwa au kubadilishwa.

Funzo la mwaka 2018

Namba zenyewe zinaweza kumpoteza mtu. Mwaka 2005 wataalamu waliandika kwamba metani ya ziwa Kivu imeongezeka ndani ya miaka 30 hivi, wakilinganisha vipimo vyao na vile vya miaka ya 1970. Habari hiyo ilitia watu woga mwingi.

Mwezi wa tatu mwaka 2018, timu mbalimbali zilikuja ziwani na vyombo tofauti, zikapima kwa wakati mmoja ili kulinganisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: hawakuona alama kwamba gesi inaongezeka. Sehemu ya tofauti ya zamani ilikuwa tofauti ya vyombo na ya namna ya kupima.

Funzo ni hili. Ukipima mtoto leo kwa mizani ya soko na kesho kwa mizani ya hospitali, usikimbilie kusema amekonda. Mabadiliko yanaonekana pale tu mtu anapopima mahali palepale, kwa namna ileile, na chombo kimelinganishwa na kingine.

Nani anapima, na nani anaona namba?

Kampuni yenye santrali ndiyo inapima kila siku, kwa sababu vyombo viko kwake. Si vibaya. Lakini mwanafunzi hajisahihishi mtihani mwenyewe. Kuko lazima mkono wa pili usiolipwa na santrali.

Rwanda iko na programu ya kufuatilia ziwa Kivu, ambayo sasa iko chini ya mamlaka yake ya mazingira, REMA. Kongo iko na Kituo cha Volkano cha Goma, OVG, ambacho kinafuatilia volkano na ziwa pia. Inchi hizo mbili zilikubaliana tangu mwaka 1975 juu ya gesi ya ziwa, na kuko ABAKIR, mamlaka ya bonde la ziwa Kivu na mto Ruzizi inayounganisha Kongo, Rwanda na Burundi. Shida ni kwamba urafiki wa inchi mbili unapoharibika, mashua za vipimo nazo zinasimama. Ziwa halingojei wanasiasa wapatane.

Kwa upande wa sheria, mwanainchi wa Kongo hayuko mikono mitupu. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi ndani ya mazingira safi. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 inataka kila mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara, ule ambao ofisini wanaita EIES, pamoja na mpango wa kuyasimamia. Inataka wakaaji wasikilizwe mbele ya uamuzi, na inampa kila mtu haki ya kupata habari za mazingira. Uchunguzi huo unaangaliwa na Shirika la Kongo la Mazingira, ACE, lililoundwa mwaka 2014.

Sheria ziko. Kinachokosa mara nyingi ni mtu wa kuuliza, na karatasi iliyoandikwa kwa lugha ambayo muuza sambaza anasikia.

Upande mwingine wa mizani

Kupima kwa haki ni kupima pia kile ambacho santrali inaondoa. Familia nyingi za Goma na Bukavu zinapika kwa makala, na sehemu ya makala hiyo inatoka ndani ya mbuga ya Virunga na misitu mingine. Moshi wake unaingia kwanza ndani ya mapafu ya mama na mtoto aliye mgongoni. Umeme wa gesi ukifika jikoni kwa bei ambayo watu wanaweza, miti itapona na jenereta nyingi zitazimwa.

Lakini hilo nalo lipimwe, lisiahidiwe tu. Umeme ukipita juu ya vichwa vya wakaaji na kwenda migodini au kuuzwa mbali, makala itaendelea kuchomwa palepale, na wakaaji watabaki na hatari ya ziwa bila faida yake. Kwa hiyo uchunguzi wa kweli unaonyesha nyumba ngapi zitaunganishwa, wapi, na kwa bei gani.

Maswali saba ya kwenda nayo kwenye mkutano

Siku kampuni au serikali itaita wakaaji kwenye mkutano juu ya santrali ya moto, iwe ya gesi au ya mazutu, haya yanaweza kusaidia:

1. Hali ya mwanzo ilipimwa lini, kwa miezi mingapi, na karatasi iko wapi?
2. Vyombo vya hewa na kelele vitawekwa kwa nyumba za nani?
3. Mbali na wastani, siku mbaya kuliko zote itatangazwa?
4. Metani inayotoroka bila kuchomwa itapimwa ginsi gani?
5. Maji yaliyotolewa gesi yatarudishwa mita ngapi chini, na nani atafuatilia tabaka la mita 260?
6. Nani mwingine, asiyelipwa na kampuni, atapima, na namba zitasomwa pande zote mbili za ziwa?
7. Namba ikipita kiwango, nani iko na amri ya kuzima injini, na ndani ya saa ngapi?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Chombo kinaweza kuonyesha hatari, lakini hakiwezi kuzima santrali. Kazi hiyo ni ya mtu, na jina la cheo chake linapaswa kujulikana na mvuvi wa Idjwi, muuza sambaza wa Kituku na mwalimu wa Minova, mbele ya bomba la kwanza kushushwa ndani ya maji.